Kila Jirani na Kidonge Chake

Kwanza niweke kumbukumbu sawa. Inasemwa hapa Mjimwema, Njombe, na juzi nimeisikia hata stendi ya Makambako, kwamba Mzee Ngole alilogwa na wakwe zake siku ya sendofu ya binti yake, sherehe ya kumwaga kabla ya ndoa. Si kweli. Wakwe walikuwa hawajafika. Walikuwa bado barabarani na tarumbeta zao. Wapo pia wanaodai kwamba mzee alizirai kwa woga wa kuhutubia. Nao wanakosea, ingawa si sana. Mzee Ngole alilala usingizi ule kwa sababu ni mtu mwenye adabu. Adabu ndiyo iliyokaribia kumwua, na waliomletea mauti hayo mkononi walikuwa majirani wanaompenda, wamevaa nguo za sherehe.

Ninawaandikia ninyi vijana mliovaa makoti meupe hivi karibuni na kuwekwa nyuma ya kaunta za maduka ya dawa, kuanzia Mlangali hadi Makambako. Kazi yangu ilikuwa kukagua maduka hayo. Nimestaafu, lakini hasira zangu bado ziko kazini.

Aliyenifundisha ukaguzi ni marehemu Bwana Haule, mtu mfupi, mpole, aliyeingia dukani kama anayekuja kuomba maji ya kunywa. Siku yangu ya kwanza nilimwuliza mama mmoja mteja, kwa sauti ya kiofisi: “Unatumia dawa gani?” Mama akanijibu kwa utulivu kwamba hatumii dawa yoyote. Bwana Haule akasogea.

“Kamwene, mama. Unakunywa nini ili ulale?”

“Ah, kile kidonge cheupe.”

“Na mgongo ukisumbua?”

“Kile cha rangi mbili.”

“Na ukisafiri kwenda Ikonda kumwona mgonjwa?”

“Kile cha kuzuia kutapika garini. Kile ni kizuri, baba, unafika huku umelala.”

“Na kikohozi cha baridi hii?”

“Ile ya chupa. Hiyo ni tamu.”

Bwana Haule akanitazama, nami nikaona aibu ikinipanda hadi masikioni. Mama yule hakudanganya. Kwake dawa ni kitu unachopewa hospitali ukiwa umelazwa. Vile vingine ni vitu vya nyumbani, kama chumvi. Basi msiulize watu dawa. Waulizeni usiku wao, safari zao na migongo yao. Halafu mjumlishe wenyewe, kwa kuwa vitu vile vinne, alivyovitaja kama anayetaja wajukuu, vyote vinaleta usingizi.

Mnaniuliza: ubaya uko wapi, ikiwa kila kimoja kiliruhusiwa? Nitawaeleza kama alivyonieleza Bwana Haule. Ndani ya mwili yupo mlinzi ambaye kazi yake ni kukumbuka kupumua wakati mwenye nyumba amelala. Kila dawa ya usingizi humshika mlinzi huyo bega na kumnong’oneza: pumzika kidogo, bwana. Akinong’onezwa na mmoja, hutabasamu na kuendelea na kazi. Wakija wanne kwa pamoja, na pombe ikawa ya tano, huvua kofia, huketi chini na kusinzia. Wala hapigi kelele ili mjue. Mlinzi mwenye adabu ndivyo alivyo.

Makambako ndiko nilikojifunza jinsi maonyo haya yanavyoweza kugonga mwamba. Ni mji wa njia panda. Malori hayalali, na madereva hutaka kulala kwa haraka. Palikuwa na bwana mmoja mwenye duka, ambaye jina lake silitaji kwa sababu baadaye alijirekebisha, aliyekuwa akifunga katika kikaratasi kimoja kidonge kikali cha maumivu na kidonge cha usingizi, na kukiita “pacha”. Nilipoingia kumkagua, kabla sijamjua kwa sura, nilimkuta ameketi kwenye benchi la wateja, amekunja nne.

“Mwenye duka yuko wapi?” nikauliza.

“Ametoka, mama. Hata mimi namsubiri.”

“Atarudi?”

“Huyu? Mtu wa hovyo kabisa huyu. Hana saa, hana utaratibu. Sijui kwa nini mnamwachia leseni.”

Nikaketi. Tukasubiri pamoja. Bwana yule alijisengenya kwa bidii kiasi kwamba nilianza kumwonea huruma mwenye duka. Alisema ni mchafu, ni mbahili, hata mkewe amemchoka. Ndipo akaingia dereva, amejifunga sweta kiunoni, akampita mkaguzi wa serikali bila kumwona, akampiga yule bwana kofi la begani na kusema: “Bosi! Unakaa kwenye benchi kama mgonjwa? Inuka unifungie pacha yangu ile ya siku zote!”

Bwana akamtazama dereva. Akanitazama mimi. Kisha akasema kwa huzuni ya kweli: “Mama, sasa amerudi.”

Nilicheka hadi kalamu ikaniponyoka. Lakini duka nililifunga, na pacha zote nilizitwaa. Mtajua wenyewe jinsi ya kucheka na kufunga duka kwa wakati mmoja; ni sehemu ya taaluma.

Sasa nimrejee Mzee Ngole.

Mzee ni mkulima wa viazi na parachichi, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Binti yake Tumaini alikuwa amechumbiwa na kijana wa familia ya wasafirishaji wa Makambako, watu wenye asili ya pwani, ambao hata wakigombana hugombana kwa Kiswahili cha kusomeka redioni. Mila za sendofu zinamtaka baba wa binti asimame na kusema neno. Neno hilo lilimnyima mzee usingizi kwa juma zima.

“Mama Mkaguzi,” aliniambia juu ya ukuta, “Kiswahili changu ni cha shule ya msingi na mnada wa viazi. Kwa Kibena nawaliza watu. Kwa Kiswahili nawauzia gunia.”

Nilimshauri aseme kifupi na alale mapema. Hakulala. Jumamosi ya sherehe ilimkuta macho mekundu, anazunguka ua akiwahutubia kuku. Taarifa zikaenea kwamba mzee hajalala, na wageni wanafika alasiri. Majirani wakaja kumwona, kama ilivyo desturi yetu.

Hapa vijana nisikilizeni, kwa maana jambo hili hamtalikuta katika vitabu vyenu vya mafunzo. Kwetu huendi kumwona mtu mwenye shida mikono mitupu. Zamani ulibeba yai, au viazi vitamu viwili vitatu, au kibuyu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Uliyemletea hakatai kitu. Na wewe uliyeleta huondoki mpaka umemwona akionja. Ni desturi nzuri, na nimelelewa nayo. Lakini siku hizi yai limekuwa kidonge. Mtu hupewa dawa yake hospitali, ikamsaidia, akabakiza, akaikunja kwenye kona ya khanga kama akiba ya upendo. Akisikia jirani anateseka, humpelekea. Tena huketi amwone akimeza.

Asubuhi ile alianza Mwalimu Kilasi, mstaafu mwenzangu, na kidonge chake cha mishipa ya mgongo: “Hiki mimi nikikimeza, sisikii hata jogoo.” Mzee akashukuru, akameza. Akafuata Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Makambako aliyekuja mapema kama mshenga wa wakwe. Naye alitoa kidonge cha safari, kile cha kuzuia kutapika. Nani angekataa cha mshenga siku ya sendofu? Mzee akameza. Akaja shemeji yake Lutengano na dawa ya usingizi yenyewe, aliyoinunua dukani bila cheti chochote, pamoja na bilauri ya ulanzi ya kushushia. Wa mwisho alikuwa Mama Sanga, mwanamke mkubwa wa sauti na wa moyo, na kidonge kilichobaki katika dawa za marehemu kaka yake aliyekuwa na kifafa. “Kaka alikuwa akikimeza hiki, analala kama mtoto mchanga,” alisema.

Kila mmoja aliingia peke yake. Kila mmoja alitoka akiwa na furaha. Na hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa kuwa wema hautangazwi.

Mimi nilikuwa kwenye ua na kina mama, tunamenya viazi. Turubai limesimamishwa, muziki unajaribiwa, Tumaini anapita na nywele zake nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Kutoka dirishani kwa mzee ulitoka mkoromo mzito, na ua mzima ukapiga vigelegele.

“Amelala!” mkewe akasema, mikono kifuani. “Mungu ni mwema.”

“Mungu, na mimi,” akasema Mwalimu Kilasi, akijinyoosha. “Kidonge changu hicho.”

Bi Zuhura akaweka kisu chini. “Chako kipi, Mwalimu? Mzee nimemlaza mimi. Kile cha safari kinamlaza hata kondakta.”

“Dada yangu, usijisifu,” Lutengano akadakia. “Nyinyi mlimpa vya kubembeleza. Mimi nilimpa cha kazi.”

“Loh! Tazama wanavyogombania sifa za watu,” Mama Sanga akaunguruma kutoka jikoni. “Alikuwa anapepesa macho tu mpaka nilipoingia mimi!”

Watu wakacheka. Nami nilikuwa nimeanza kucheka. Kisha nikavihesabu kwa vidole: vinne. Nikaweka beseni chini.

“Ngojeni,” nikasema. “Mmempa wote?”

Walitazamana kama wanafunzi waliokutwa wote na jibu moja la mtihani.

Niliingia chumbani bila hodi. Vijana, jifunzeni mkoromo. Mkoromo wa usingizi una mwendo, kama msumeno. Ule wa mzee ulikuwa na maji ndani yake, na baada ya kila mkoromo palikuwa na utulivu mrefu ambao haukustahili kuwapo. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Nilimwita. Nilimfinya sikio. Nilimsugua kifuani kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu ambayo ingemwamsha marehemu Bwana Haule mwenyewe. Akaguna kidogo, akazama tena.

Tumaini alikuwa mlangoni. “Mama Mkaguzi, mbona baba hapumui vizuri?”

“Anapumua,” nikamwambia. “Na wewe njoo unisaidie aendelee.”

Tukamgeuza ubavu, goti moja mbele, kichwa kimeinuliwa kidogo nyuma ili njia ya hewa ibaki wazi. Mkewe akaingia mbio na jagi la maziwa ya moto. Hilo nalo ni la kukemea, na nililikemea.

“Maziwa yanaua sumu!” akalia.

“Mama Tumaini, huyu hawezi kumeza. Ukimmiminia, maziwa yataingia mapafuni, nasi tutamzamisha katikati ya kitanda. Weka chini hilo jagi.”

Lutengano akashauri atapishwe kwa kidole. Nikamwambia kidole hicho akitumie kupiga simu. Mwalimu akashauri maji ya baridi. Nikamkataza naye. Kisha nikawaamuru, kwa sauti niliyokuwa sijaitumia tangu nistaafu, kila mmoja akimbie kuleta pakiti ya alichompa mzee, au kilichobaki, maana daktari hawezi kupambana na kitu asichokijua.

Hapo ndipo ningetamani mngekuwapo. Mwalimu Kilasi, ambaye kwa sababu ya mgongo huinuka kitini kwa awamu, aliruka ua wa matete kama paa. Bi Zuhura aliumwaga mkoba wake wote juu ya meza ya keki. Mama Sanga alikimbia katikati ya barabara akipiga mayowe kwamba ameua, na mbwa wote wa Mjimwema wakamsindikiza. Nakiri kwenu: huku nimeshika kidevu cha mzee, nilicheka, na Tumaini naye akacheka huku machozi yakimtiririka, kwa sababu mwili nao huwa na wazimu wake.

Lutengano alirudi na kipande cha karatasi ya vidonge kilichokatwa kwa mkasi, jina limebaki dukani. Ninyi mnaokata kwa mkasi, mnasikia? Nilimwamuru ampigie muuzaji. Muuzaji akaapa kwamba hajawahi kuuza dawa ya usingizi maishani mwake.

“Mwambie anayeuliza ni nani,” nikasema.

Akamwambia. Papo hapo simu ikataja jina la dawa, nguvu yake, na salamu kwa familia yangu.

Tulimpakia mzee kwenye pikapu iliyokuwa imeleta soda. Hapakuwa na muda wa kushusha kreti, hivyo tukazitumia kumwegemeza ili asigeuke chali. Nilikaa naye nyuma, kiganja mbele ya pua yake. Kila kiganja kilipopata joto, nilisema “haya”, na Tumaini akaitikia “haya”. Pumzi ilipochelewa, nilimsugua kifua na kumgombeza kwa jina lake la ubatizo. Hivyo ndivyo tulivyopita mjini Njombe, baridi imetupiga, soda zinagongana, bi harusi mtarajiwa na nywele nusu, na watu wakitupungia mikono wakidhani sherehe imeanza.

Hospitali walifanya kazi yao kwa heshima. Daktari, kijana wa umri wenu, aliuliza amekunywa nini. Nilipanga mbele yake vyote vinne na kutaja bilauri ya ulanzi. Akashika paji la uso.

“Vyote?”

“Vyote, daktari. Ni mtu mwenye adabu.”

Wakampa oksijeni, wakamfungulia dripu, muuguzi akaketi kando yake akitazama kifua kikipanda na kushuka. Daktari alitutoa nje na kumwambia Tumaini ukweli: anaweza kuamka, na anaweza kuacha kupumua, saa chache zijazo ndizo zitasema. Tumaini akakaa sakafuni kwenye korido. “Wakwe wakifika niwaambie nini?” akauliza. “Nimwambie nani anitoe badala ya baba?” Mwalimu, Lutengano, Bi Zuhura na Mama Sanga walisimama kwa mstari ukutani kama washtakiwa, na hakuna tena aliyedai kwamba kidonge kilichofanya kazi ni chake.

Wakwe wakafika. Waliikuta nyumba ina vyungu vinavyochemka bila watu, wakaelekezwa hospitali, wakaja na basi zima na tarumbeta. Mlinzi wa getini akazuia tarumbeta. Kukatokea mabishano marefu: kiongozi wao akidai kwamba tarumbeta haiko kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa, mlinzi akidai kwamba hata tembo hayumo. Nilitoka nikawanyamazisha wote wawili.

Jua lilikuwa limelegea dirishani muuguzi alipotuita. Mzee Ngole alikuwa amefumbua macho. Aliutazama umati uliojipanga kuzunguka kitanda chake, majirani na wakwe, kanzu na suti, akauliza kwa sauti ya mchanga: “Nani amekufa?”

Tumaini alimwangukia kifuani, muuguzi akamvuta kwa hofu ya mipira ya dripu. Korido ikalipuka vigelegele. Nje, mlinzi akashindwa, na tarumbeta moja ikalia. Baba mkwe wa Makambako akasogea na kumshika mkono. Mzee akajua saa yake imefika. Akakusanya nguvu, sisi sote tukanyamaza kwa ajili ya neno la baba. Lakini macho yake yalikuwa yakimtafuta mtu mwingine.

“Mama Sanga,” akasema. “Nisamehe sana.”

“Mimi? Mimi ndiye wa kusamehewa, mzee wangu!”

“Hapana. Kile chako sikukimeza. Macho yalikuwa mazito, kikanidondoka, kikaingia uvunguni. Nikaona haya kukwambia, nikanywa maji matupu huku unaniangalia.”

Daktari alinitazama, nami nikamtazama. Kidonge kile cha marehemu kaka, juu ya vile vitatu na bilauri ile, ndicho kingemlaza kabisa yule mlinzi wa kupumua.

“Kwa hiyo,” Mama Sanga akasema taratibu, “cha Mwalimu kimemezwa. Cha mshenga kimemezwa. Hata cha Lutengano, mlevi huyu! Changu mimi ndicho cha kwenda uvunguni?”

“Nisamehe, mama. Nikitoka nitakitafuta nikimeze.”

“Hapana!” tukapiga kelele wote, hadi muuguzi akatufukuza.

Jioni hiyo hiyo nilirudi nyumbani kwa mzee, nikapiga magoti na ufagio kando ya kitanda. Kilikuwa nyuma ya mguu wa kitanda, cheupe, kimeshika vumbi. Nilipokifunga katika karatasi ili nikipeleke kwa mfamasia wa hospitali kikaharibiwe inavyotakiwa, kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Mama Sanga, kiganja amekinyoosha.

“Nipe changu,” akasema. “Ni cha kaka yangu. Kitamfaa mwingine.”

Sikubishana naye. Nilisogea pembeni tu, aone kitanda: mto ulivyolowa mate, shuka ilivyokunjamana pale tulipomgeuza, jagi limesimama mezani, maziwa yake yameganda utando. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akakitazama kiganja chake mwenyewe, kilichokuwa bado wazi, akakikunja polepole, kidole baada ya kidole, akakificha chini ya khanga.